Aliyesusa Hakukosa Njaa

Upo msemo unaopendwa sana pwani, na sasa umeshapanda hadi bara: ukisusa, wenzio twala. Umeandikwa kwenye kanga, hutamkwa kwenye harusi, kwenye vikao vya ukoo, kwenye mikutano ya vyama na kwenye korido za ofisi. Kazi yake ni moja, kufunga mazungumzo. Aliyeudhika akishatupiwa maneno hayo hana pa kutokea. Akijibu, ataambiwa, unaona, si tulisema ana hasira za karibu? Akinyamaza, atahesabiwa ameshindwa. Nimeusikia msemo huu mara nyingi katika maisha yangu, na sikumbuki hata mara moja ukitamkwa na mtu mwenye njaa. Huutamka aliyekwisha kukunja mikono ya shati na kulisogelea sinia.

Nataka kumtetea aliyesusa, na najua nawapinga wengi. Rai iliyotawala inasema hivi: anayesusa ni mtu wa kuchukia upesi, moyo wake mwembamba, umri umekwenda lakini akili haikukua, tena ni mjinga, kwa sababu atakayelala na njaa ni yeye. Mtu mzima hukaa, huvumilia, na likimkera hulisema huku anakula. Rai hii imezoeleka hadi neno lenyewe limegeuka tusi. Mwite mtu msusaji, na umeshamweka kundi moja na mtoto anayegaragara chini kwa kunyimwa pipi. Mimi naikataa, na nitaanza kuikataa kwa Kiswahili chenyewe, kwa sababu lugha yetu ilishawapambanua watu hawa zamani, kabla sisi hatujaanza kuwachanganya.

Mwenye hasira za haraka ana neno lake: hamaki. Anahamaki, anafoka, anavunja kikombe, na baada ya nusu saa anauliza chai iko wapi. Huyo ndiye wahenga waliyemfananisha na mkizi, samaki anayeruka majini kwa ghadhabu akatua ndani ya chombo, mvuvi akapata kitoweo pasipo kutupa nyavu. Hasira za mkizi, furaha ya mvuvi. Anayekunja uso bila kusema kisa ni mnunaji, na mtu anaweza kununa na bado akala, akalipwa, akapanda gari pamoja nanyi. Anayetaka kubembelezwa pasipo sababu anadeka. Mwenye kisirani hana haja hata ya kukosewa, ameamka nacho. Maneno yote hayo yanaeleza hali ya mtu. Kususa ni kitendo. Kinahitaji kitu kilicho halali yako, kilichowekwa mbele yako, na mkono wako uliokataa kukigusa kwa sababu ya jinsi ulivyotendewa. Mpita njia hasusi pilau ya harusi asiyoijua, anapita tu. Mwepesi wa hasira hupiga kelele na fungu lake akalichukua. Anayesusa huliacha fungu lake mezani na kuondoka nalo moyoni tu. Itakuwaje tuwaite hawa wawili kwa jina moja?

Tazameni pia kitenzi kinavyonyambulika. Kutoka susa tunapata susia, na susia ina maana mbili zinazotembea pamoja. Wananchi wamesusia uchaguzi, yaani wamekataa kushiriki. Lakini mwanamke akisema, "Nimemsusia nyumba na kila kilichomo," anasema amemwachia yote. Ndani ya kitenzi kimoja umo ugomvi na umo utoaji. Moyo mwembamba hauachi nyumba. Na kama mtu anataka kumsema yule anayezira kwa kila jambo, leo kwa ajili ya kiti, kesho kwa ajili ya salamu, lugha imempa neno tayari: anasusasusa. Uradidi huo umebeba lawama yote inayohitajika. Kuitwika lawama hiyo susa moja iliyofikiriwa ni kumfunga mtu kwa kosa la jirani yake.

Hata mtoto namtetea. Mtoto wa miaka minne anayekataa uji kwa sababu kikombe chake kapewa mdogo wake hana njia nyingine ya kufungua kesi. Hana maneno ya kutosha, hana nguvu, hana pesa. Ana uji tu. Anauweka chini, naye anaupenda uji. Tukimwambia ukisusa wenzio twala, na kweli mdogo wake akaunywa, tumemfundisha siku hiyo kwamba haki yake ni ya mwenye mkono mwepesi.

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alisusa mara moja ninayoijua. Baba mdogo alikuwa anaoza binti, na tarehe ya ndoa shangazi aliipata kwa muuza samaki. Hakuitwa kwenye kikao, hakuletewa hata mtoto wa kumwambia. Siku yenyewe alifika, amejitanda kanga vizuri, akakaa barazani pamoja na bibi wengine. Sinia lilipokuja akalisukuma kidogo kwa mgongo wa mkono. "Sikuambiwa," akasema, "na asiyeambiwa hali." Kijana mmoja wa kupakua akautupa ule msemo, watu wakaangua kicheko. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Nilicheka nao, na kicheko hicho kimenikaa mpaka leo.

Nilikuja kuelewa baadaye alivyokuwa amebanwa. Angeweza kumfokea mdogo wake mbele ya wakwe, na heshima ya ukoo mzima ingeanguka kabla ya nikaha. Angeweza kubaki kwake, ikasemwa anaumwa, au anamwonea kijicho binti, na kosa lingezikwa chini ya uongo huo. Angeweza kula na kunyamaza, na harusi ya pili asingeambiwa tena, kwa sababu mara ya kwanza alikula. Akachagua njia ya nne. Alikuja, ili ijulikane hana kinyongo na bwana harusi wala bibi harusi. Hakula, ili ijulikane ana neno na mdogo wake. Kauli hiyo haikuwa na sauti, lakini uani hapakuwa na mtu ambaye hakuisikia. Na alikuwa na njaa. Hilo ndilo wasiloliweka maanani wanaocheka: harufu ya pilau haimwachi mtu kwa sababu ameudhika. Mwenye shibe hasusi, anashukuru tu na kusema ameshiba.

Nikifika hapa, wapinzani wangu hunijibu kwamba hayo ni mambo ya uani, ya wanawake na watoto, na kwamba wakubwa wenye akili ya dola hawaendeshi mambo kwa kususa. Basi tuwatazame wakubwa.

Machi 1961, Tanganyika ikiwa bado haijapata uhuru, Julius Nyerere aliandika katika gazeti moja la London kwamba nchi yake haitajiunga na Jumuiya ya Madola iwapo Afrika Kusini ya ubaguzi itabaki ndani. Hiyo ni susa kabla ya chakula kupakuliwa. Siku chache baadaye Afrika Kusini ikatangaza kujiondoa, ikatoka rasmi tarehe 31 Mei mwaka huohuo. Halafu likaja la Rhodesia. Tarehe 11 Novemba 1965 Ian Smith na walowezi wenzake walijitangazia uhuru wa watu wachache. Uingereza, iliyokuwa na mamlaka ya kisheria juu ya koloni lile, ikakataa kutumia nguvu. Mawaziri wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wakakutana Addis Ababa mwanzoni mwa Desemba, wakaazimia kwamba ikifika tarehe 15 na uasi haujazimwa, wanachama wavunje uhusiano wa kibalozi na Uingereza. Siku ikafika. Nchi nyingi zilizoliunga mkono azimio hilo zikabaki zimekaa kwenye viti vyao. Tanzania ikavunja. Mkopo wa Uingereza wa pauni milioni 7.5 ukagandishwa, wakati nchi haijamaliza hata miaka mitano tangu uhuru na kila shilingi ina pa kwenda.

Kwa kipimo cha kanga, Mwalimu Nyerere alisusa na wenzake wakala. Lakini tazameni alivyosusa. Alivunja ubalozi, hakuitoa Tanzania kwenye Jumuiya ya Madola, kwa sababu Jumuiya haikuwa mali ya Waingereza peke yao. Walikuwamo Wazambia, Waghana na Wahindi ambao hawakumkosea. Alijua anakiacha chakula gani na anabaki kwenye mkeka upi. Uhusiano ulirudi mwaka 1968. Zimbabwe ikapata uhuru tarehe 18 Aprili 1980, na sidai kwamba ubalozi uliofungwa Dar es Salaam ndio uliomwangusha Smith. Waliomwangusha walikufa porini kwa maelfu. Ninachodai ni kwamba azimio la Addis lilitaka mtu wa kulilipia. Waliolipitisha kisha wakaendelea kula ndio walioligeuza kuwa karatasi, na ni ajabu kwamba katika lugha yetu ya leo hao ndio wangeitwa watu wazima.

Mpira wa miguu ulikwenda njia hiyohiyo. Kombe la Dunia la 1966 lilikuwa na nafasi 16, na FIFA ikaamua kwamba bingwa wa Afrika ashindane na wa Asia na Oceania kugombea nafasi moja tu. Mabara matatu, kiti kimoja. Mataifa ya Afrika, Ghana ikiwa mbele, yakajiondoa yote kwenye mchujo. CAF, shirikisho la mpira la Afrika, ikatozwa faini. Mashindano yakachezwa Uingereza bila Afrika, na mfungaji bora, kwa mabao 9, akawa Eusébio, mtoto wa Lourenço Marques, mji unaoitwa leo Maputo, akiwa amevaa jezi ya Ureno. Sijui kama upo mfano mkali zaidi wa wenzio twala: hata mwana wetu alikula kwa jina la mtu mwingine. Lakini miaka miwili baadaye FIFA ikaipa Afrika nafasi yake kamili, na mwaka 1970 Morocco ikaenda Mexico. Kila timu ya Afrika iliyocheza Kombe la Dunia tangu hapo imekalia kiti kilichopatikana kwa watu waliokataa kula.

Sitaki kujifanya kwamba kususa hulipa kila mara, wala kwamba anayelipa gharama ndiye huvuna. Filbert Bayi anatosha kunizuia. Tarehe 2 Februari 1974, huko Christchurch, kijana huyu wa Tanzania aliongoza mbio za mita 1500 tangu mlio wa bastola mpaka utepe, akaweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.2, nyuma yake akiwa John Walker wa New Zealand. Dunia ikasubiri wakutane tena Montreal mwaka 1976. Hawakukutana. Timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini mwaka huo, mwaka wa damu ya watoto wa Soweto, na Kamati ya Olimpiki ikakataa kuifungia New Zealand. Zaidi ya nchi 20 za Afrika zikasusia, Tanzania ikiwamo. Walker akachukua dhahabu kwa dakika 3 na sekunde 39. Rekodi ya dunia ilikuwa bado ya Bayi. Mwanariadha ana miaka michache tu ya kuwa mwepesi kuliko binadamu wote, na mmoja wa miaka ya Bayi uliwekwa chini pamoja na sinia. Mwaka 1977, Gleneagles huko Scotland, wakuu wa Jumuiya ya Madola walikubaliana kuzuia uhusiano wa kimichezo na Afrika Kusini. Hayo yalipatikana. Lakini medali haikurudi, na kila nikisoma zile sekunde saba za tofauti naumia. Ndiyo sababu siwezi kumsikiliza mtu anayeniambia kususa ni jambo jepesi. Jepesi kwa nani?

Nyumbani pia tunao mfano, tena wenye mafunzo kuliko tulivyokubali kuyapokea. Tarehe 16 Aprili 2014 wajumbe wa UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani, walitoka kwenye Bunge Maalumu la Katiba mjini Dodoma. Walisema rasimu ya Tume ya Jaji Warioba inachezewa, na kwamba ndani ya ukumbi kuna matusi na ubaguzi. Wakaitwa wasusaji, watoto, watu wasioweza kuvumilia hoja. Waliobaki wakaendelea. Tarehe 2 Oktoba Katiba Inayopendekezwa ikapitishwa, siku chache baadaye ikakabidhiwa kwa marais wawili kwa shamrashamra. Kura ya maoni ikapangwa tarehe 30 Aprili 2015, ikaahirishwa, na mpaka leo haijapigwa. Waliosusa walisusa, na wenzao hawakula. Chakula kimelala sufuriani zaidi ya miaka kumi. Hapo ndipo msemo wa kanga unapovunjika kabisa, kwa sababu katiba ni chakula cha sinia moja. Nusu ya watu wakiinuka, waliobaki hawawezi kukimaliza hata wakijaza mashavu. Na si katiba peke yake. Karibu kila kitu chenye thamani tunachokula pamoja, ndoa, ukoo, chama, muungano, ni cha namna hiyo.

Kuna pingamizi moja ninaloliheshimu, na wanawake wengi watakuwa wamelifikiria tangu mwanzo. Vipi kuhusu mume anayesusa chakula cha mkewe? Anarudi jioni, anatazama bakuli, anasema sili, anaingia chumbani. Siku tatu haongei. Mke anahangaika, anapika kingine, anaita wazee, anaomba msamaha wa kosa asilolijua. Nimeona nyumba zilizotawaliwa hivi kwa miaka, bila kofi hata moja. Nalaani jambo hilo kwa moyo wote. Lakini nauliza swali moja: mume huyo amekula wapi? Amekula kijiweni, chipsi mayai na mshikaki, kwa fedha ambazo mke hazioni. Tumbo lake limejaa. Alichokiacha mezani hakimgharimu kitu, na anayeumia ni yule asiye na pa kwenda. Huko si kususa, ni kuadhibu, na tumekuita kususa kwa sababu sahani inafanana. Mwenye nguvu akikataa chakula cha mnyonge anatumia fimbo. Mnyonge akikataa chakula cha mwenye nguvu ameitoa njaa yake mwenyewe iwe ushahidi. Lugha ikishindwa kutenganisha hayo mawili, mke yule naye, siku atakapokataa kweli jambo fulani, ataambiwa anasusa kama mumewe.

Maneno mapya ya vijana yameliongezea tatizo hili uzito. Dar es Salaam mtu akisema umenikosea, anaambiwa "usimaindi" au anaulizwa "mbona povu?" Nairobi ataambiwa ana makasiriko. Sina ugomvi na lugha ya mtaani. Ni lugha hai na mengi ya maneno yake nayapenda. Nina ugomvi na kazi yanayopewa maneno haya matatu. Kuudhika kuna upande wa pili, lazima yuko aliyeudhi. Kukereka kuna aliyekera. Kususa kuna kilichosuswa na aliyesusiwa. Povu halina mtu wa pili. Linamtoka mtu kama sabuni, na kazi ya mtazamaji ni kusubiri liishe. Makasiriko nayo yanakuwa kama ugonjwa, mtu "anayo". Binti anayekataa utani wa bosi kuhusu mwili wake, mwajiriwa aliyeitwa kwa kabila lake mbele ya wageni, wote wanapimwa povu, na aliyetamka neno hatazamwi kabisa. Na wanasema ni utani. Utani wa jadi, wa Wangoni na Wahehe, wa Wasukuma na Wazaramo, ulikuwa na deni: mtani aliyekutukana kwenye harusi ndiye aliyekuja msibani, akachimba kaburi, akabeba maji, akawachekesha wafiwa. Alikuwa amelipia ruhusa yake. Huyu wa leo anayesema utani tu atakuja kuzika nani?

Lipo neno linalokwenda sambamba na susa ambalo silisikii sana siku hizi: kurai. Kumrai mtu ni kumwendea, kukaa karibu naye, kumsemesha taratibu mpaka moyo wake ushuke, na katika kumsemesha huko kukubali kilichotokea. Waliosusa zamani walijua kuna watakaokuja kuwarai, na waliokosea walijua wanangojewa. Mambo hayo mawili yalikuwa kama mlango na bawaba. Tumeing'oa bawaba, sasa tunaulaumu mlango kwamba haufunguki.

Baba mdogo alikuja barazani baada ya alasiri, wageni wengi wameshaondoka, mkewe nyuma yake ameshika doti ya kanga mpya. Hakusimama. Alikaa chini, kwenye mkeka, mbele ya dada yake, akasema, "Dada, nimekosa."

Shangazi akamtazama kitambo. "Umeliona lini?" akauliza. "Leo nilipokataa kula, au tangu siku ile?"

Alichelewa kujibu, kisha akasema, "Leo."

"Basi nimefanya vizuri kukataa," shangazi akasema, na akaomba maji ya kunawa. Sinia likaletwa, pilau imepoa na mafuta yameganda pembeni. Wakala wawili, bila haraka, mpaka wakafika katikati.